Gari la Chuo na Vyombo Vifaavyo Kuchukuliwa Ndani Yake



Tangu mwaka huu uanze, vijana wetu wa hapa Lushoto wametuuliza swali moja kwa namna nyingi: Je, Land Rover ya chuo itengenezwe vipi, na ichukue vyombo gani? Huenda baadhi yenu mkaona kwamba swali hilo ni la gereji, si la gazeti lisomwalo nyumbani mbele ya mama na watoto. Sisi twaona ni la nyumbani khasa. Gari hilo ndilo lipelekalo watoto katika mashindano ya Kurani huko Mlalo na Soni. Ndilo lichukualo mgonjwa usiku, wakati ambapo pikipiki haimfai. Na wengi wetu tutapanda ndani yake safari moja ambayo hatutakaa kitini. Kwa hiyo kila nyumba ina haki ya kujua ndani mwake mna nini.

Sisi tuandikao haya si fundi wala dereva. Elimu yetu ni Kurani na darasa la saba, na kazi yetu ni kufundisha watoto alifu na bee. Lakini tumekaa kiti cha mbele cha gari hilo kwa miaka kumi na minne, kwa kuwa mwalimu hupewa kiti cha mbele apende asipende. Na mtu akaaye hapo katika njia za Usambara, huku korongo li chini ya kiwiko chake, hujifunza habari za magari upesi kuliko asomaye kitabu.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya miaka ya 1960. Hiyo 109 ni hesabu ya inchi toka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, yaani yapata mita 2.77. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati ambapo chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, na ndiyo sababu bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu. Dhiki yao imekuwa neema yetu: bodi ya gari la chuo imebonyea kila mahali, lakini haikuoza. Chesisi ndiyo ya chuma, nayo huoza kwa ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Basi kijana atakaye kulipamba gari kuukuu la namna hii, kwanza na achukue nyundo ndogo, alale chini, aigonge chesisi toka mbele hadi nyuma huku akisikiliza. Penye chuma kizima pana mlio. Penye kutu pana sauti ya debe lililojaa unga. Fedha zetu za mwanzo zilikwenda huko, katika kuchomelea mabamba mahali pasipoonekana na mtu, na baadhi ya waliochanga walinung'unika kwamba hawaoni zilikoishia.

Kisha ikaja habari ya injini. Ile ya asili, ya lita 2.25, ilikuwa imechoka, na vipuri vyake hutafutwa kwa tochi mchana. Hapa Tanzania dawa ya maradhi hayo inajulikana: mafundi huing'oa wakatia injini ya dizeli ya Kijapani, na wengi huipenda ile ya Nissan iitwayo TD27, ya lita 2.7. Nasi tulifanya hivyo. Yafaa msomaji ajue mambo mawili ambayo fundi hayasemi ila aulizwe. La kwanza, kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadili injini huna budi kwenda TRA ili kadi nayo ibadilishwe, ama sivyo utakuja kumweleza askari barabarani maneno yasiyoeleweka. La pili ni la spana, nalo ndilo lililotufumbua macho katika jambo zima la vyombo.

Land Rover za zamani zimefungwa kwa boliti za vipimo vya inchi. Injini ya Kijapani imefungwa kwa boliti za milimita. Basi gari letu limekuwa kama mtoto wa mama Msambaa na baba Mdigo: huku walisemesha lugha hii, na huku lugha ile. Spana ya milimita 13 huingia katika nati ya nusu inchi, lakini hupwaya, kwani nusu inchi ni milimita 12.7. Mara ya kwanza itafungua, mara ya pili itazikwangua pembe, na mara ya tatu nati itakuwa mviringo kama punje ya tasbihi, na hapo hapana dawa ila patasi na nyundo. Spana ya 11 haiingii kabisa katika nati ya inchi 7/16, ambayo ni milimita 11.1. Lakini ya 19 hukaa vema katika robo tatu ya inchi, na ya 16 katika thumni tano. Tukaketi na fundi siku nzima, kila boliti iwezayo kufunguliwa njiani tukaijaribu, tukachagua spana moja moja, na zilizosalia tukaziacha nyumbani. Seti mbili kamili zilikuwa na uzito wa mtoto aanzaye kutembea. Hizi tulizochagua zakaa katika mfuko wa turubai ukunjwao kama mkeka wa kusalia, na kila moja ina kijumba chake, ili ikikosekana ionekane hata gizani kwa kupapasa.

Sasa tuje kwenye kikao. Vijana walifika wakiwa na picha. Mwaka 1991 mashindano ya Camel Trophy yalipita nchini mwetu, kutoka Dar es Salaam mpaka Bujumbura, na Land Rover zake za rangi ya manjano zilikuwa na keria juu ya paa, winchi mbele, taa nyingi, na vyombo vya kuchimbia vilivyofungwa ubavuni. Vijana walitaka la chuo nalo liwe hivyo: springi zipandishwe, tairi ziwe pana, taa ziwekwe kipaani, na bomba la kuvutia hewa lipandishwe hadi juu kwa ajili ya kuvuka maji. Wazee upande wa pili walitaka mabenchi tu, na nauli.

Hatukuwacheka vijana, kwani picha ilikuwa nzuri na magari yale yalifanya kazi kubwa. Lakini tuliwaomba waitazame tena. Magari yale yalikwenda kwa msafara: moja likizama, jingine hulivuta. La chuo huenda peke yake, usiku, na likizama latolewa na waliomo na wanakijiji watakaoamka. Hilo peke yake linabadili nusu ya hesabu.

Ama tairi, sisi ni wa upande wa zile nyembamba, 7.50 kwa 16, ambazo gari hili lilizaliwa nazo. Udongo wetu mwekundu ukilowa huwa sabuni juu na mgumu chini. Tairi nyembamba huikata sabuni ikashika ugumu. Tairi pana huelea juu yake, na kuelea kando ya korongo si jambo la kuombea. Kupandisha springi tulikataa bila ya mjadala mrefu. Njia zetu nyingi hulalia upande wa bonde, na gari lililoinuliwa, lenye watu kumi na keria iliyojaa juu, huinama kabla ya kuteleza. Bomba la hewa tuliwaachia watu wa mabondeni wavukao mito. Huku juu adui si maji yaliyosimama, ni tope na ukingo. Taa tulizikubali, lakini si za kipaani. Mwenye kupita Magamba au Shume alfajiri ajua ukungu ulivyo: taa ya juu huurudisha mwanga machoni mwa dereva kama shuka jeupe. Tukafunga mbili za manjano, chini ya bampa, ziangazazo majani ya kando ya njia, na hayo majani ndiyo yamwonyeshayo dereva njia inakoishia.

Hapo kikao kikatulia, na fundi wetu, ambaye alisoma kwetu juzuu mbili tu kabla hajavutwa na spana, akasema neno ambalo wengi hatukuwa tumelisikia. Alisema kwamba katika Land Rover hizi za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu. Yashika mti unaotoka katika gia kwenda nyuma. Toka hapo nguvu hupita katika difu, na toka difu hugawanyika katika shafti mbili, ya kulia na ya kushoto. Basi ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile lililoinuliwa liko huru kuzunguka, na kwa ajili ya ile difu gari laweza kutembea ingawa breki ya mkono umeivuta hadi mwisho. Kadhalika shafti moja ya nyuma ikikatika. Dereva aweza kuvuta breki ya mkono mpaka mkono umuume, na gari likarudi nyuma taratibu kama kwamba hakufanya neno. Nazo shafti hizo za nyuma ndizo zinazokatika khasa katika magari haya, na injini yenye nguvu kuliko ile ya asili huzikata upesi zaidi.

Tangu siku hiyo tulikubaliana kwamba chombo cha kwanza, kabla ya jeki na kabla ya spana, ni kabari mbili za mti. Zilichongwa na seremala kwa gogo la mkaratusi, kila moja urefu wa mkono toka kiwiko hadi kiganja, zikatiwa kamba ya kushikia, zikawekwa chini ya miguu ya akaaye mlangoni. Hazikugharimu ila shukrani.

Masika ya mwaka 2018 zilijilipa. Tuliitwa upande wa Mtae baada ya Isha kumchukua mama mjamzito ambaye uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi wala mtoto hashuki. Kutoka huko mpaka hospitali Lushoto ni yapata kilomita 60, na mvua haikuwa imekatika siku tatu. Tulikuwa tumepita Lukozi, twapanda kuelekea Magamba, mama amelala juu ya machela, mkunga na shangazi yake wamekaa kando, wakati tuliposikia mlio mmoja chini ya gari kama wa bunduki. Injini ikaendelea kunguruma, gari likasimama, kisha likaanza kurudi. Dereva akaikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zake zote, nayo ikashika, lakini asingeweza kuondoa mguu. Nyuma yetu palikuwa na kona, na nyuma ya kona hapakuwa na kitu.

Utingo wetu wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wetu. Hakuuliza. Aliruka na kabari mkononi, akaitia nyuma ya gurudumu la kushoto, akazunguka na ya pili akaitia la kulia, akapiga bodi mara mbili kwa kiganja. Dereva akaulegeza mguu. Gari likakaa juu ya ule mti wa mkaratusi, nasi tukasikia mvua tena.

Kilichofuata ni kidogo kukieleza, ingawa kilikuwa kirefu kwa aliyekuwa juu ya machela. Dereva alisukuma chini kile kirungu cha manjano kilicho sakafuni karibu na gia, ambacho huunganisha magurudumu ya mbele na injini. Tangu hapo gari likavutwa na mbele peke yake. Na breki ya mkono nayo ikapata cha kushika, kwa kuwa sasa mbele na nyuma zilikuwa zimefungamana. Wanaume tuliteremka tukasukuma palipokuwa pakali, na penye utelezi zaidi tulitandika matawi tuliyokata kwa panga. Mama alifika Lushoto kabla ya alfajiri, akapasuliwa, na mtoto wake yuko chuoni kwetu, ana sauti kubwa kuliko wote.

Basi baada ya usiku ule mazungumzo ya vyombo yakawa mepesi. Tulichukua shafti mbili za akiba, ndefu na fupi, kwani ya kulia na ya kushoto hazilingani. Zimefungwa chini ya benchi kwa mipira ya tyubu kuukuu. Shafti hizo hubadilishwa bila ya kulivua gurudumu: ni boliti sita, spana moja, na waya wenye kitanzi wa kukivutia kipande kilichobakia ndani. Jeki tunazo mbili. Moja ni ile ndefu ya meno, iinuayo gari toka kwenye bampa, nayo tunaiheshimu, maana mkono wake ukikuponyoka huweza kuvunja taya. Hakuna mtoto aruhusiwaye kuisogelea. Ya pili ni ya chupa, ya kawaida. Zote mbili hazina kazi bila ya ubao mnene wa kuwekwa chini, kwani katika tope letu jeki huzama badala ya gari kupanda. Jembe moja, sepetu moja yenye mpini mfupi, panga, na shoka dogo. Cheni za kuzungushia tairi za nyuma. Tairi la akiba, viraka, solusheni, na pampu ya mguu, kwa sababu pampu ya umeme hufa siku ambayo betri imekufa.

Kamba ilituletea ubishi wa kupendeza. Mzee mmoja, aliyefanya kazi ujana wake katika mashamba ya mkonge ya chini Mombo, alitaka kamba ya katani, akasema ndiyo iliyovuta kila kitu mkoani Tanga. Ni kweli, na twaipenda. Lakini katani ikikaa na maji huoza kwa ndani, kama chesisi, na hukatika bila ya kukuaga. Tulichukua ya nailoni, nene, mita 20, na ya katani tukaiacha ya kufungia mizigo, mzee akaridhika. Ama winchi, tulikataa ile ya umeme. Ni ghali, hunywa betri, na huvuta upande mmoja tu ilikofungwa. Winchi ya mkono, ya waya na wenzo, huvuta mbele, nyuma na ubavuni, madhali kuna mti, na Usambara miti haijatunyima. Uvutapo kwa mti, zungushia kwanza gunia lililokunjwa au mkanda mpana, usiumenye gome. Mti uliomenywa mzunguko mzima hufa, na mwakani utauhitaji tena.

Tulipodhani tumemaliza, akina mama wa darasa la Alhamisi walitaka kuona orodha. Waliisoma kimya, kisha mwalimu wao akatuuliza: "Mwalimu, vyombo vya kumtengeneza gari tumeviona. Vya kumtengeneza aliyemo viko wapi?" Hatukuwa na jibu, wala hakutungoja. Waliandika wenyewe: nailoni nene ya kutandika, khanga mbili safi zilizofungwa zisipate vumbi, glavu, tochi ya kuvaa kichwani, chupa ya maji ya kunywa isiyoguswa na rejeta, blanketi. Wakataka ngazi ya kupandia nyuma, kwa kuwa mjamzito hawezi kuruka kama utingo, mishikio miwili darini, na pazia. Yote yalifanywa. Kwa kweli, ukitutaka tutaje mabadiliko yaliyolifaa gari zaidi kuliko taa na springi, tutaitaja ngazi ile, vipande viwili vya bomba na bamba la chuma.

Mabenchi ni ya kukunjwa ubavuni, ili machela ikae katikati. Jeneza lilitusumbua, kwani sakafu ya nyuma ya 109 haifiki mita mbili, na jeneza letu lapita hapo. Hapo awali lilikuwa likifungwa kwa kamba na mlango wazi, na watu wakilishikilia kwa mikono kwenye miteremko, jambo lisilokuwa zuri kwa maiti wala kwa washikaji. Fundi aliufanya mlango wa nyuma uangukie chini na kusimama sawa na sakafu juu ya cheni mbili, akatia reli ndogo mbili na pini ya kufungia. Sasa mtu mmoja hukaa kando yake tu, akisoma.

Twachunga uzito wa kila kitu. Gari hili halikufanywa kubeba zaidi ya tani moja, na kilo ya chuma iliyozidi ni kilo ya mtu aliyeachwa kijijini. Ndiyo maana tumeweka sharti: chombo ambacho hapana watu wawili katika safari wanaojua kukitumia, hakipandi. Kila Jumamosi baada ya Adhuhuri, wavulana wakubwa hufungua gurudumu na kulirudisha, huvuta winchi kwa zamu, na huitwa mmoja wao, macho yamefungwa kitambaa, atoe spana aliyoambiwa. Wasichana walipouliza kwa nini wao hawaitwi, waliitwa, na sasa aliye mwepesi kuliko wote ni binti wa miaka kumi na minne toka Lukozi.

Kabla ya vuli imebaki kazi ya mabapa mawili ya springi ya nyuma, upande wa dereva, ambayo yameanza kupasuka, na kamati inakusanya fedha kila Ijumaa mlangoni. Tena spana ya nusu inchi haimo mfukoni mwake. Iliazimwa kwenda kutengeneza mashine ya kusaga, na mashine yasaga vizuri, twaisikia toka hapa tulipo. Aliye nayo na aturudishie. Si lazima aseme alikuwa nani, ataikuta turubai imetundikwa nyuma ya mlango wa chuo, na kijumba chake ki wazi.